Jina la Wekoye Kwenye Fomu ya Mchezo

Jumamosi tarehe 9 Agosti mwaka 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Hillary Wakoli Simiyu, karani wa kuandikisha vizazi na vifo mjini Kitale, aligundua kwamba wino wa jina aliloliandika ulikuwa haukauki. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya biki, ileile aliyoitumia kazini wiki nzima. Aliligusa jina, kidole kikatoka na bluu. Akalipuliza, akangoja, akaligusa tena. Safari hii kidole kilitoka na maji.

Kosa lilikuwa lake, na lilizaliwa na dharau. Binti yake Sandra, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alikuwa likizoni, na kila Jumamosi rafiki yake Waruguru, binti wa jirani yao Nderitu, alikuja na dadu ya pande ishirini na rundo la karatasi. Walicheza mchezo wa kuigiza: kila mchezaji hubuni mtu wa nchi isiyokuwapo, akamjazia fomu ya jina, asili na kazi, kisha Waruguru husimulia safari na dadu huamua nani atapona. Fridah, mama yake Sandra, alikuwa Kapsokwony akimuuguza mamake, na nyumba ilikuwa kimya. Sandra alimbembeleza baba yake acheze mara moja tu. Hillary alikubali ili apate kuudharau mchezo kwa ushahidi.

"Baba Sandra, wewe ni mgeni, tunaanza pole pole," Waruguru alimwambia. "Kwanza asili. Kuna mtu, mbilikimo, jitu na nusu-jini."

"Nusu-jini. Jini ni mama ama ni baba?"

"Aii, hiyo haijalishi bana."

"Kwenye cheti inajalisha sana."

"Daddy, si uchague tu!" Sandra alicheka. "Mbilikimo hafi haraka. Jitu ako na nguvu lakini hana akili."

"Wa aina hiyo ninao wawili ofisini."

"Basi chukua mtu," Waruguru alisema kwa subira. "Ndiyo rahisi kwa mwenye kuanza. Halafu kazi: mpiganaji. Unapiga tu. Mchawi ako na mambo mingi ya kukumbuka. Mwizi naye..."

"Mwizi ni kazi? Nani alimwajiri?"

Kwenye asili aliandika *Mtu*. Kwenye kazi aliandika *Hana*.

"Haiwezi!" Waruguru alilalamika. "Bila kazi atafanya nini ndani ya hadithi?"

"Atafanya kama vijana wote wa Kitale. Atakaa."

Likabaki jina. Katika miaka ishirini na sita ya utumishi, Hillary hakuwahi kuandika kwenye fomu jina la kubuni, wala hakukusudia kuanza mbele ya watoto. Jina lake mwenyewe aliliona kubwa mno kwa upuuzi huo. Akatafuta jina la kweli ambalo halikuwa na mwenyewe, akaandika *Wekoye*.

Katika ukoo wao wa Bungoma, jina huombwa. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee huyaita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, na lile analolinyamazia ndilo lake, kwa maana mwenye jina amekubali kurudi. Wekoye, mdogo wa baba yake Hillary, alichukuliwa na mto Nzoia karibu na Webuye tarehe 14 Mei 1988. Mwili haukupatikana. Walizika mgomba ndani ya jeneza, na wazee wakakataza jina lake lisiitwe juu ya mtoto yeyote, kwa sababu mtu ambaye hajafika kwao haitwi. Hillary alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, alisimama kando ya kaburi lile, na aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake.

Waruguru akairusha dadu. Ilizunguka mezani, ikazunguka, ikakataa kutua mpaka Sandra alipoifunika kwa kiganja.

"Daddy," Sandra alinong'ona, "nani anakohoa bafuni?"

Nyumba ilikuwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa mezani.

Jumapili, saa tisa na dakika ishirini, sebule ilinuka tope la mto. Hillary alisema ni bomba la maji machafu. Jumatatu, saa ileile, Sandra alimpigia simu ofisini, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Daddy, kuna mtu amekaa kwa kiti yako."

"Mtu gani?"

"Simwoni. Lakini kiti inadondosha maji."

Alipofika nyumbani aliichukua ile fomu akaitia jikoni, na makaa yakazimika yote kwa mpigo, yakafuka moshi, na karatasi ikabaki juu yake nyeupe na nzima. Hata hapo kiburi hakikumtoka. Aliifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule, akaenda kuoga, akajiambia kwamba mtu aliyesoma haogopi karatasi.

Jumatano tarehe 13 Sandra hakuinuka tena. Alikaa kwenye kiti cha baba yake, miguu ikiwa ya baridi kama mawe ya mtoni, nywele zikitiririka maji ilhali hakuna aliyezilowesha, na kila alipojaribu kuzungumza alikohoa maji ya rangi ya chai, kidogo mara ya kwanza, nusu kikombe mara ya pili, hata Hillary, aliyekuwa amepiga magoti mbele yake na taulo mkononi, akaelewa bila kuambiwa na mtu kwamba mtoto wake alikuwa anazama, polepole, juu ya zulia, katika chumba kikavu, jua la Kitale likimulika dirishani, na kwamba yeye ndiye aliyemsukuma majini. Kisha mdomo wa Sandra ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume.

"Umeniandika mtu. Mwili wangu uko wapi?"

Hillary alimfuta mdomo kwa taulo.

"Umeandika sina kazi. Basi nimekaa."

Alhamisi alikuja Mchungaji Rotich, akaomba kwa saa mbili kwa sauti iliyofika barabara ya Saboti, akaondoka na Biblia iliyolowa. Waruguru akaja na shauri lake: fomu ichanwe, waandike upya, safari hii awe mbilikimo. Hillary alimtazama mpaka akanyamaza. Hapo ndipo alipofanya jambo aliloliogopa kuliko mzimu wenyewe, yaani kukiri. Alimpigia simu Nabwile, mjane wa Wekoye, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, huko Bungoma.

Nabwile alifika Ijumaa saa nane. Hakumtazama Sandra kwanza. Aliagiza chai, akainywa, ndipo akanyoosha mkono apewe fomu.

"Nani aliandika hii?"

"Ni mimi, mama."

"Karani mzima wa selikali. Kila siku unaandika watoto wa watu. Ulifikiri jina ni nini, maua ya kupamba karatasi?"

"Ulikuwa mchezo, mama."

"Mchezo wa nani? Mtoto alicheza. Wewe ulidharau."

Saa tisa na dakika ishirini harufu ya tope ikaingia, nzito hata Waruguru aliyesimama mlangoni akaziba pua. Nabwile alisogeza kigoda mbele ya kiti, akaketi goti kwa goti na mtoto.

"Wekoye. Ni mimi. Wacha kujikunja ndani ya msichana kama panya."

Sandra aliinua uso. "Nabwile," ile sauti ilisema. "Umezeeka."

"Na wewe umeoza. Tusitukanane. Toka."

"Nitoke niende wapi? Nimeandikwa mtu. Mtu anataka mwili."

"Karani ni mjinga. Makosa ya karani husahihishwa." Akamgeukia Hillary. "Lete kalamu. Huko kwenu mtu akikosea kwa fomu, hufanya aje?"

Hillary alimpa kalamu. "Neno hukatwa kwa mstari mmoja. La kweli huandikwa juu yake. Aliyekosea hutia sahihi."

Nabwile alilikata neno *Mtu* kwa mstari mmoja. Juu yake akaandika, kwa herufi za mtu aliyefundishwa na wamisionari, *Marehemu*. Akamsukumia Hillary karatasi. Sahihi aliyoitia siku ile isingekubaliwa na benki yoyote. Sandra alitoa mlio mrefu, maji yakamwagika puani.

"Bado kazi," ile sauti ilisema, na sasa ilikuwa ndogo, karibu ya kuomba. "Nimechoka kukaa. Nipe kazi."

"Nyanya," Waruguru alinong'ona kutoka mlangoni, "mpiganaji ndiyo rahisi kwa mwenye kuanza."

Nabwile hata hakugeuza shingo. "Apigane na nani? Maji peke yake yalimshinda."

Aliinua kalamu, na kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, na katikati ya pumzi moja na nyingine kulikuwa na nafasi iliyozidi kurefuka, hata Hillary akajikuta anazihesabu nafasi zile na kuogopa kufika mwisho wa hesabu. Kisha mjane akakata *Hana*, akaandika maneno matatu: *Mume wa Nabwile*.

"Tia sahihi."

Akatia. Sandra aliinama, akatapika beseni nzima ya maji ya kahawia yenye mchanga na koa mmoja wa mtoni aliye hai, akafuta mdomo, akamwangalia baba yake kwa macho yake mwenyewe.

"Daddy, nasikia njaa."

Hillary aligusa jina kwenye fomu. Lilikuwa kavu.

Waruguru humsimulia kila anayemsikiliza kwamba Jumamosi tarehe 16 Agosti bibi mmoja wa Bungoma alilifukuza jini nyumbani kwa kina Sandra, likakimbilia Mlima Elgon. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 15. Wala hapana kilichokimbia. Hillary ndiye aliyempeleka Nabwile kwao kwa gari jioni ileile, na kutoka Kitale hadi Bungoma alimsikia mjane akigombana, kwa sauti ya chini, na mtu kwenye kiti cha nyuma kuhusu ng'ombe aliyepotea mwaka 1987. Walipofika bomani Nabwile aliteremka, akaufungua mlango wa nyuma, na hakuufunga mpaka wa pili aliposhuka.