Asali Isiyopita Jikoni

Asnath alitenga ugali na mlenda, akamnawisha mumewe mikono. Sixbert hakumega.

"Onja kwanza," alisema.

Asnath akaonja. Mwezi wa pili huo anaonja chakula cha mumewe, pale pale nyumbani kwao Usoke.

Sixbert alikuwa na kisukari. Sasa alikohoa pia, alikonda, na kila alipolala alilowa jasho. Majirani walisema ni moshi wa bani, lile banda la kukaushia tumbaku, maana ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Lakini dada yake, Magreth, alisema jingine.

"Kaka, mtu hakondi hivi bure. Kuna mkono wa mtu." Akamletea dumu la asali. "Kunywa hii. Imetoka mzingani kwa Masolwa. Haijapita jikoni kwa mtu."

"Wifi, asali itapandisha sukari yake," alisema Asnath.

"Umesikia, kaka? Hataki upone!"

Sixbert akanywa kikombe asubuhi, kikombe jioni. Vidonge vya kisukari akaviacha, kwa kuwa Asnath ndiye aliyevitunza.

Siku alipotema damu, Asnath alimkimbilia Advera, mhudumu wa afya wa kijiji. Advera alipoingia, alifungua madirisha yote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Kikohozi chako. Kinasikika hadi relini. Kimeanza lini?"

"Tangu tuzime bani. Miezi miwili."

"Kikizidi wiki mbili ni kupima makohozi. Huenda ni kifua kikuu."

Magreth aliruka. "Kwenye ukoo wetu hakuna!"

"Hakiulizi ukoo, mama. Kinapita hewani. Na mwenye kisukari kinamkamata upesi zaidi."

"Kwa nini?" aliuliza Sixbert, jicho kwa mkewe.

"Mwili una askari wake, baba. Kila askari ana kitabu cha maagizo. Sukari ikikaa juu muda mrefu, inaweza kugandisha baadhi ya kurasa. Maneno ni yale yale, ila hayasomeki. Adui anaingia, askari anazubaa. Wataalamu bado wanachunguza jambo hili. Ila hatuwangoji wamalize. Tunapima, tunashusha sukari." Akaliona dumu la asali. "Hii ya nani?"

Magreth aliinamisha uso.

"Asali ni nzuri, mama. Kwake ni kuni kwenye moto."

Sixbert alilitazama dumu, kisha mkewe. Kesho yake alikwenda kupima.

Makohozi yalikutwa na vimelea vya kifua kikuu. Alipewa dawa bila malipo, za miezi sita. Vidonge vya kisukari akavirudia. Wote wa nyumba ile walipimwa, na Magreth pia. Asnath alimpa dawa kila siku, hata kikohozi kilipokoma, maana Advera alionya: ukiacha katikati, ugonjwa unarudi na ukali.

Mwezi wa sita wa dawa makohozi yalikuwa safi, na mashati yalianza kumkaa vizuri. Mchana huo Asnath alitenga ugali. Kwa mazoea, akanyoosha mkono aonje.

Sixbert aliivuta sahani kwake.

"Acha, mama," alisema, akamega tonge kubwa. "Utanimalizia."