Majina ya Malisho ya Babu Zlatan

Kila asubuhi Radosveta alimvisha babu yake soksi, kisha akavaa zake. Alimmegea mkate ndani ya maziwa ya moto, akamwacha kwa jirani yao, Bi Tsonka. Ndipo akakimbilia basi la kwenda chuoni.

Babu Zlatan ndiye aliyemlea. Alichunga mbuzi kwenye milima ya Rodopi miaka arobaini. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kama maji kwenye pakacha. Asubuhi nyingine alimwita Radosveta kwa jina la mama wa msichana huyo, marehemu.

Saa nane mchana Bi Tsonka alikuwa akienda kazini, kwenye tanuri la mikate. Lazima Radosveta awe amerudi. Lakini saa nane hiyohiyo ndipo mazoezi ya kuchora ramani yalipoanza. Programu ya ramani ilikuwa ya kulipia, nayo ilifanya kazi kwenye kompyuta za chumba kimoja tu cha chuo.

"Umekosa mara tatu," alisema Mwalimu Vesela wa somo la ramani. "Ukikosa ya nne, somo limekwenda."

"Nyumbani nina mgonjwa, mwalimu."

"Pole, mwanangu. Lakini nitasahihisha nini, nawe huna kazi?"

Radosveta akaenda kwa Bwana Minko, fundi wa kompyuta wa chuo.

"Baba Minko, ninakilie ile programu. Sitamwambia mtu."

"Wewe! Unataka tulale rumande wote wawili? Kunakili programu ya kulipia bila ruhusa ni wizi."

"Basi nimekwisha." Machozi yakamlengalenga.

"Nani kakwambia? Hebu keti. Iko programu nyingine ya ramani, inaitwa QGIS. Hiyo ni programu huria."

"Huria ndiyo nini?"

"Walioiunda wameiacha wazi. Unaitumia bila kulipa. Unainakili, unamgawia mwenzio. Ukijua kuandika programu, unaifungua ndani na kuirekebisha. Yote hayo umeruhusiwa."

"Cha bure, Baba? Si kitaharibika kesho?"

"Watu wa nchi nyingi wanaitunza. Ila sikiliza: ipakue kwenye tovuti ya wenyewe tu. Ukiokota njiani, utaokota na virusi."

Wakaenda pamoja kwa Mwalimu Vesela. Mwalimu alisikiliza, akavua miwani.

"Miaka kumi na miwili nafundisha kwa ile ya kulipia," alisema. "Hii sijui hata pa kubonyeza."

"Hata mimi sijui, mwalimu," alisema Radosveta.

Mwalimu akacheka kidogo. "Haya. Niletee kazi wiki ijayo. Nami nitajifunza. Nikikwama, utanionyesha."

Siku iliyofuata Radosveta alifungua kompyuta yake kuukuu kwenye meza ya jikoni. Supu ya maharage ilikuwa inatokota. Ndani ya QGIS aliyoipakua, picha ya mlima wa kwao iliyopigwa kutoka angani ikatokea. Babu akainama, akagusa kioo.

"Shamba la Radi," alisema.

"Wapi, babu?"

"Hapa. Mbuzi wangu wawili walipigwa na radi hapa. Na huku Mgongo wa Paa. Huku Chemchemi ya Mjane."

Radosveta alishikwa na butwaa. Chakula cha mchana babu alikuwa amekisahau, lakini malisho yote alikuwa nayo kichwani. Kwa kila jina akaweka nukta. Wiki ilipokwisha, nukta zilikuwa thelathini na moja.

"Majina haya hayamo kwenye ramani yoyote," alisema Mwalimu Vesela alipoyaona. "Umeyatoa wapi?"

"Kwa mgonjwa wangu."

Radosveta akafaulu. Muhula uliofuata darasa zima lilifundishwa kwa programu huria. Mwanafunzi aliyeuguza, na aliyefanya kazi mchana, wote walimalizia mazoezi nyumbani.

Mwezi wa Mei Mwalimu Vesela akaleta darasa lake kijijini kwa kina Radosveta. Bi Tsonka aliwapokea kwa mkate wa moto na jibini nyeupe. Mwalimu akaweka kompyuta yenye ramani ile mbele ya Babu Zlatan, akachuchumaa kando yake.

"Mzee, tumekosea wapi?"

Babu aliangalia muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole.

"Hii Chemchemi ya Mjane mmeiweka bondeni. Mtakufa kiu, nyie!"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mwalimu akaisogeza nukta.

"Hapa?"

"Juu kidogo."

"Hapa?"

"Hapo hapo," alisema babu. "Sasa kunyweni."