Kigingi Nyuma ya Msalaba

Kila Jumamosi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mabati ya jirani, Benedicta alikuwa ameshafagia uwanja mzima. Alianzia mlangoni, akalizunguka jiko la nje, akamalizia kwenye kaburi la mama yake. Hapo alitua ufagio wake wa chelewa, akaokota majani kwa mkono moja moja, kwa sababu aliona si adabu kumpitishia mama chelewa.

Mama yake, Anjelina, alifariki Benedicta akiwa darasa la nne. Ndugu walitaka akazikwe kwao Masasi, lakini baba, mzee Kasimiri, alikataa. Alisema mtoto akue akimwona mama yake karibu. Basi akazikwa nyuma ya nyumba yao, huku Madale, kati ya jiko na mto. Baba akachonga msalaba kwa mkono wake mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa kuchonga vinyago pale Mwenge. Kila jioni, kabla ya kuwasha moto, Benedicta alikaa kando ya kaburi na kumsimulia mama mambo ya siku nzima: nani kachapwa, nani kaongoza hesabu, mboga gani wanapika.

Mwaka huo alikuwa darasa la sita. Mwezi wa kwanza, Mwalimu Lusungu aliwapeleka wanafunzi mtoni kujifunza jinsi uso wa dunia unavyobadilika. Aliwasimamisha penye kona, pale pale nyuma ya kina Benedicta, akawaonyesha ng'ambo. Upande wa ndani wa kona mchanga ulikuwa umetandazwa kama mkeka. Upande wa nje, huu wa kina Benedicta, ukingo ulisimama wima kama ukuta, na matabaka yake yakionekana wazi: udongo mweusi juu, mfinyanzi mwekundu katikati, mchanga mweupe chini kabisa.

Mwalimu alieleza kwamba maji yakikata kona hufanya kama watoto wanaokimbia, huelemea nje. Kwa hiyo mto hula upande wa nje na kutema upande wa ndani. Maji huanza kunyonya ule mchanga wa chini, kidogo kidogo, na huku juu hakuna anayejua. Kisha akawaonyesha mashimo ya wachimba mchanga katikati ya mto, na alama za matairi ya matipa, yale malori yanayoubeba.

"Mto ukinyang'anywa mchanga wake wa chini haulalamiki," alisema. "Unajilipa kwenye kingo. Juu panaonekana pazima kabisa, mpaka siku panapoanguka."

Siku hiyo walipigilia vigingi sita kando ya mto, kila kimoja mita kumi na mbili kutoka ukingoni. Kila Jumamosi wangepima tena. Umbali ukipungua, basi ndicho kiasi ambacho mto umekula. Kigingi cha kina Benedicta kilisimama miguuni mwa kaburi la mama. Cha jirani yao, Bi Mwanabaraka, kilisimama karibu na jiko lake la mabati, alimokuwa akikaanga vitumbua vya kuuza. Mjukuu wake, Jabiri, alisoma darasa moja na Benedicta, hivyo wawili hao wakapewa tepu moja ya kupimia na daftari moja.

Mwezi wa kwanza mto ulikula mita moja na nusu. Mwezi wa pili, matipa yalipozidi, ukala mbili. Ilipofika Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tatu, tepu ilisoma mita nane na nusu.

Jumapili yake, baada ya ibada, mwenyekiti wa mtaa alikuja kuzungumza na baba. Alipoondoka, baba alimwita Benedicta akamketisha karibu.

"Ikishuka chini ya nane hatungoji masika," alisema. "Namhamisha mama yako, halafu na sie tunakwenda Kimbiji kwa baba yako mkubwa Stephano. Mie natoka hapa giza, narudi giza. Huo ukingo siuoni. Namba utaniletea wewe."

"Kumhamisha vipi, baba?"

Mzee Kasimiri alitazama mikono yake. "Kwa kumchimbua, mama. Padri atakuwepo. Wewe siku hiyo utakaa kwa Bi Mwanabaraka."

Benedicta aliinuka akaenda kuosha vyombo. Lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Siku ya mazishi alimwona mama amelala na kitambaa cheupe kichwani, utadhani ukimgusa ataamka akuulize kama umekula. Huo ndio uso aliobaki nao. Alijua wakubwa wangefungua kaburi, wangeona, na wangerudi nyumbani na macho yaliyoona. Naye angeyatazama macho ya baba kila siku na kujua mama yake amekuwa nini.

Ijumaa iliyofuata alitoka shule mapema. Alipima peke yake, tepu ikasoma mita saba na nusu. Akapima tena, ikasoma ile ile. Kisha akakishika kigingi, akakitikisa huku na huku kama mtu anayeng'oa muhogo, kikatoka. Akakipigilia upya mita moja nyuma, kuelekea nyumba. Shimo la zamani akalifukia na kulifagia. Kesho yake Jabiri alishika ncha ya tepu ukingoni, akapiga kelele kwamba ni nane na nusu ile ile, akaandika.

Akafanya hivyo Ijumaa ya pili, na ya tatu. Kigingi kilitoka miguuni mwa kaburi, kikapita ubavuni, kikafika nyuma ya msalaba. Hakuna aliyegundua. Kati ya kaburi na mto mama, enzi za uhai wake, alikuwa amepanda mabingobingo marefu ya kuzuia udongo, na kutoka nyumbani mtu aliona majani tu. Hakuona jinsi yalivyokuwa yakipungua kwa upande wa pili. Jabiri naye alichoangalia ni namba.

"Mto wenu una adabu," Jabiri alimtania. "Wetu hauna hata salamu, umekula mita nzima. Au mnaupa vitumbua vya bibi yangu kwa siri?"

Benedicta alicheka kidogo, akainama kufunga tepu.

Jumapili baba aliuliza, naye akajibu nane na nusu. Baba akashusha pumzi, akasema Mungu ni mwema. Mwenyekiti alipopata habari alisema kwamba kama penye kona pametulia, basi nyumba za chini hazina haraka. Bi Mwanabaraka, aliyekuwa ameshafunga mizigo aende kwa binti yake Temeke, akaifungua tena. Benedicta aliyasikia hayo yote. Jioni alikwenda kukaa kaburini, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusimulia.

Masika yakaingia wiki iliyofuata. Mvua ilinyesha Jumanne, ikanyesha Jumatano bila kupumzika. Alhamisi saa nne asubuhi shule ilifungwa, watoto wakaambiwa warudi nyumbani.

Benedicta alizunguka nyuma ya nyumba, akasimama. Mabingobingo hayakuwepo. Mahali pake palikuwa na mwanga mtupu, na sauti ya maji, nzito, kama malori mengi yanayopita chini ya ardhi. Kutoka miguuni mwa kaburi hadi ukingoni zilibaki hatua mbili. Halafu akauona ufa. Ulianzia nyuma ya msalaba, mwembamba wa kuingia kidole, ukakata uwanja, ukapita chini ya ua wa miyaa uliotenganisha nyumba mbili, ukaingia kwenye jiko la Bi Mwanabaraka. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni humo. Bibi alikuwa ndani.

Mguu mmoja ulitaka kwenda kwa mama. Ulikwenda hata, hatua moja, na ardhi ikamjibu kwa kutikisika kidogo. Benedicta akageuka, akakimbia kwa jirani.

"Bibi, toka. Jiko linakwenda."

"Shikamoo kwanza, mjukuu wangu," alisema Bi Mwanabaraka, akigeuza kitumbua. "Kona si imetulia? Mwenyekiti mwenyewe kasema."

"Haijatulia, bibi. Mie nilisogeza kigingi. Mara tatu nimekisogeza. Nimewadanganya wote. Toka, tafadhali."

Bibi alimtazama usoni, akaacha kila kitu motoni, hata kanga yake iliyotundikwa mlangoni. Benedicta alimshika mkono wakatoka hadi barabarani. Majirani wakaja. Mmoja akampigia simu mzee Kasimiri, mwingine akamwita mwenyekiti. Benedicta aliwashika mikono wanaume wale mmoja baada ya mwingine, akawaomba wachukue majembe wakamtoe mama yake. Walikwenda, wakautazama ufa, ambao sasa uliingia ngumi, wakarudi. Hakuna aliyethubutu kuuvuka.

Jiko la mabati ndilo lililotangulia. Liliinama, likateleza, likatoweka na moto wake.

Mzee Kasimiri alifika kwa bodaboda akiwa amelowa chapachapa, vumbi la mpingo bado limemganda kwenye nywele. Alikwenda moja kwa moja kuelekea kaburini, na wanaume wanne wakamshika. Hakuwapiga wala hakupiga kelele. Alisimama mikononi mwao akitazama. Msalaba ulisogea kwanza kama mtu anayepisha mwenzake njia. Kisha kipande chote cha ardhi, na nyasi zake, na maua yake, kilishuka polepole, kikiwa kizima, kikaingia majini. Maji yakawa mekundu, halafu yakarudi rangi yake.

Watu walikuja kukaa matanga. Waliketi kwenye mikeka barazani kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, walikohifadhiwa baba na mwana, lakini maneno yaliwapungukia. Walizoea kutoa pole ya mtu aliyekufa. Pole ya kaburi hawakujua inatolewaje. Benedicta alimweleza baba yake yote jioni hiyo hiyo, kabla hajaambiwa na mwingine. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kukaa peke yake. Kwa siku tatu alimjibu kwa neno moja moja. Afadhali angemchapa.

Siku ya nne Mwalimu Lusungu alifika. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba vigingi vingine vinne bado vipo, na watu wanalala nyuma yake. Kama daftari lina uongo, wote wako gizani. Basi Jumatatu Benedicta alisimama mbele ya darasa. Alieleza alichofanya, wiki kwa wiki, na sauti ilimtoka ndogo hata waliokaa nyuma wakainamia mbele. Alitaja vipimo vya kweli, Jabiri akavikata vile vya uongo kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyemcheka. Wakati wa mapumziko Jabiri alikaa karibu naye, akamega kitumbua akampa nusu. Alisema bibi anakaangia kwa shoga yake sasa, na kwamba anamsalimu.

Kwa vipimo hivyo vipya kamati ya mtaa ilikaa upya. Nyumba tatu za chini ya kona zilihamwa wiki hiyo, na njia ya matipa ikazibwa kwa magogo. Wiki mbili baadaye moja ya nyumba hizo ilipoteza vyumba viwili, lakini ndani hapakuwa na mtu. Bi Mwanabaraka naye alikuwa ameshahamia Temeke kwa binti yake.

Siku moja kabla ya kuhamia Kimbiji, mzee Kasimiri alimuuliza mwalimu mto unaupeleka wapi udongo wake. Mwalimu alijibu kwa upole kwamba kilicho kizito hutua njiani, na kilicho laini hufika baharini, kikatulia penye mikoko. Miaka mingi ikipita, hapo hujengeka nchi mpya.

Kwa hiyo baba na mwana walikwenda mpaka mahali mto unapoingia baharini. Maji yalikuwa yamekupwa, na tope laini lilikuwa limetandaa kati ya mizizi ya mikoko. Walisali Baba Yetu na Salamu Maria. Walipomaliza, baba hakuondoka.

"Kwenye kazi yangu," alisema, "mti ukiwa na ufa, kuna mafundi wanauziba kwa nta, wanaupaka rangi ya viatu, unang'aa. Mnunuzi anafurahi. Lakini ufa unaendelea kutembea humo ndani, na siku moja kinyago kinapasuka usoni. Anayeonyesha ufa mapema, fundi anaweza kuuzunguka akaokoa sura. Ungenionyesha, mwanangu, tungeiokoa sura ya mama yako. Na ungeniambia unaogopa kaburi kufunguliwa, ningejua la kufanya. Kuogopa si kosa. Kosa ni kunificha nilipokutegemea unionee."

Benedicta alilia bila sauti. Baba alimweka mkono begani, mara ya kwanza tangu siku ile.

"Sasa niambie," alisema. "Ile Ijumaa ya mwisho, kweli kabisa, kutoka miguuni mwa mama yako zilikuwa mita ngapi?"

"Tano na nusu, baba."

"Tano na nusu." Aliitamka polepole, kama mtu anayepokea mzigo mzito kwa mikono miwili. "Asante, mama. Kuanzia leo niambie hivyo hivyo, hata kama inauma."