Nilimpa Mgongo Mwanangu Ufukweni

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mjane, mkulima na mfugaji wa hapa Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Wasomaji wenzangu, mikasa yenu nimeisoma sana, na mingine niliwahi kuicheka nikasema, "Huyu naye hakuwa na macho?" Leo zamu imenifikia mimi. Macho ninayo, tena mazima… lakini siku yalipohitajika niliyafunika kwa khanga!

Wazazi wetu walihamia huku Katavi na ng'ombe wao kutoka Usukumani, na mila wakaja nazo. Kwa ukoo wetu, mama mkwe hali pamoja na mume wa binti yake. Hawashikani mikono. Wakikutana njiani mama anapisha, anajitanda khanga, wanasalimiana kwa mbali bila kutazamana usoni. Wasukuma wengi siku hizi wameshaacha mambo hayo, lakini marehemu mume wangu alikuwa mtu wa mila hasa, nami nikabaki nazo kama nilivyobaki na ng'ombe wake.

Binti yangu wa kwanza alikuwa Milembe. Jina hilo kwetu maana yake ni amani. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani, ukimtuma dukani anarudi na habari za mtaa mzima. Huyo ndiye niliyemwoza kwa Masanja, kijana wa Kisukuma mwenzetu anayefanya biashara ya malori huko Dar es Salaam.

Masanja alikuja kuoa kwa utaratibu wote. Ng'ombe walifika zizini wakiwa wanono. Na adabu yake sasa! Akiniona tu anachutama pembeni, kichwa chini, "Shikamoo mayu," yaani mama, na hanyanyuki mpaka nimepita. Majirani walinionea wivu. Walisema vijana wa mjini wanakuja na miwani ya jua na kuwashika wakwe zao mabegani, lakini wangu alilelewa. Nilivimba kichwa, sikufichi. Nilimsifu kanisani, nilimsifu mashineni, nilimsifu mpaka kwa watu wasiomjua.

Baada ya ndoa, simu za Milembe zikawa fupi. "Mama, nyie hamjambo huko?" Hatujambo. "Haya, nasi hatujambo." Nyuma yake nasikia sauti ya mumewe, maana simu ilikuwa inawekwa spika siku zote. Mimi nilifurahi! Nilisema ona watu wanavyopendana, hata simu ya mama mkwe wanaisikiliza pamoja.

Siku moja Masanja akanitumia ujumbe kupitia kaka yangu kwamba wanakwenda kupumzika Zanzibar na wanataka twende wote. Alisema Milembe amekataa zawadi nyingine yoyote. Kila akiulizwa anataka nini anajibu, "Nataka mama yangu aone bahari." Nililia kwa furaha. Mtoto gani wa Kakese anamkumbuka mama yake kiasi hicho? Sikujiuliza kwa nini mtu ang'ang'anie hivyo… Sikujiuliza kitu.

Nilifunga mzigo wangu: khanga, karanga, na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha ambavyo Milembe alivipenda tangu hajaota meno vizuri. Basi kutoka Mpanda likanichosha, boti ikanitapisha, lakini nilipoiona ile bahari nilisahau yote. Mchanga mweupe kama unga wa mahindi ya kukoboa! Maji ya buluu mpaka unaogopa kuyakanyaga. Wazungu wamelala juani nusu uchi, wanajikaanga kwa hiari yao. Nilicheka peke yangu.

Milembe alinipokea kwenye geti la hoteli. Alikuwa amekonda. Nilipomkumbatia, nikamshika mgongoni, akashtuka na kujivuta. Nikauliza kulikoni, akamtazama mumewe aliyesimama nyuma yake, kisha akasema, "Jua limeniunguza, mama." Alikuwa amevaa gauni la mikono mirefu lenye shingo ya juu, na joto lile! Nikamtania kwamba amekuwa mke wa shehe. Hakucheka.

Shida ikaanza mezani. Mgahawa wa hoteli ulikuwa ufukweni kabisa, umeezekwa makuti, meza zimetandikwa vitambaa, chakula kimepangwa kila mtu ajipakulie: pweza, kamba, samaki wa nazi, matunda ambayo mengine sijui hata yanaanza kuliwa upande gani. Milembe akanivutia kiti karibu yake. Kabla sijakaa, nikamsikia Masanja akisema kwa upole, "Milembe, unataka kumvunjia mama heshima? Mama hawezi kukaa na mimi." Akamwita mhudumu, akaagiza niandaliwe meza yangu kule mwisho, tena kiti kielekee baharini ili nisimwone akitafuna.

Wasomaji, niliona hiyo ni adabu ya kupita kiasi! Mbele ya wazungu na Waswahili wote wale, mkwe wangu hakuona haya kushika mila yetu. Nikaenda kwenye meza yangu kifua mbele. Nikala nikiwa nimewapa mgongo. Kesho yake vile vile, na keshokutwa vile vile. Kamba nilimla, pweza akanishinda, maana yule mnyama ana vikombe miguuni na mimi nimezoea ng'ombe.

Mhudumu mmoja, binti wa pale pale kisiwani, akaja kuniwekea juisi akainama. "Bi mkubwa, yule mwanao hali," akasema. "Toka mfike sahani inarudi vile vile. Mtizame basi." Nilimkasirikia! Nikamwambia kwetu mama hageuki kumtazama mkwe anakula, na mambo ya watu na waume zao hayamhusu. Akaomba radhi akaondoka.

Hivi ningegeuka mara moja tu, ningepungukiwa nini?

Mchana wa siku iliyofuata Masanja alikuwa baa ya hoteli anaongea na simu zake za malori. Milembe akanijia mbio, akanishika mkono tukaingia baharini mpaka maji ya magotini, yeye na gauni lake refu. Nilimpa michembe niliyokuwa nimeifunga kwenye pindo la khanga. Aliila yote pale pale, amesimama majini, machozi yanamtiririka. Nikadhani ni hamu ya nyumbani. Akameza, akanishika mabega kwa mikono miwili. "Mama, nisikilize haraka. Nina jambo…"

Nyuma yake nikamwona mtu anatoka baa kuja majini. Alikuwa Masanja, kifua wazi, amevaa kaptura fupi ya kuogelea.

Mungu wangu! Mkwe wangu yuko uchi mbele yangu! Kwetu hilo ni balaa la kutafutiwa kondoo wa kutakasa. Nikajifunika khanga uso mzima, nikajinasua mikononi mwa mwanangu, nikakimbia kuelekea minazini najikwaa kama kipofu. Nyuma nilimsikia Milembe akiita, "Mama! Mayu! Usiende!" Nikamjibu bila kugeuka, "Tutaongea baadaye!"

Baadaye ipi?

Masanja alinitumia mhudumu kuja kuniomba msamaha, eti hakujua kwamba niko majini. Nikamsamehe, nikamsifu tena. Leo naamini alinijua vizuri kuliko nilivyojijua. Alijua akivua shati tu mimi nitakimbia.

Jioni ile ilikuwa ya mwisho, na tukaandaliwa chakula mchangani. Meza yao huku, yangu kule. Nikiwa naonja supu, nikasikia kiti kinavutwa mbele yangu. Milembe amekuja na sahani yake. "Leo nakula na mama," akasema kwa sauti kubwa. Kutoka kule mumewe akaita taratibu kabisa, "Milembe, njoo mke wangu." Mtoto akanitazama. Nami… mimi niliyemzaa… nilimwambia hivi: "Rudi kwa mumeo, mwanangu. Unataka watu waseme sikukufunza?"

Akachukua sahani yake akarudi.

Nilirudi Mpanda na ushamba wote wa mtu aliyetoka Zanzibar. Nilisimulia habari za kamba na pweza Kakese nzima. Sifa za mkwe wangu nilizisimulia zaidi.

Haikupita muda mrefu. Nilikuwa shambani napalilia karanga nikamwona kaka yangu anakuja kwa miguu, pikipiki ameiacha barabarani. Mtu mwenye habari njema haachi pikipiki barabarani. Alinikalisha chini ya jua, akasema Milembe ameteleza bafuni, ameanguka vibaya… Milembe hayupo!

Sikumbuki nilifikaje nyumbani. Wanasema nilirudi na jembe mkononi na nilikataa kuliachia.

Mwili ukaletwa kwa gari kutoka Dar. Masanja naye akaja, suti nyeusi, uso umevimba kwa kulia. Akachutama mbali na wanawake, kichwa chini, kama kawaida yake. Nikawasikia watu wakinong'ona, "Masikini, hata msibani ana adabu." Na mimi, mnisamehe jamani, nilikuwa nimejitanda khanga ili nisimwone!

Mdogo wangu ndiye aliyeingia na wanawake kumwosha marehemu. Alitoka mapema kuliko ilivyotakiwa, amejishikiza ukutani. Akanivuta nyuma ya nyumba. Alisema mgongo wa mtoto umejaa makovu, ya zamani na mapya, mengine yamepandiana. Mikononi ndivyo hivyo. Shingoni ndivyo hivyo. "Dada, huyu hakuanguka jana wala juzi. Huyu ameanguka miaka yote ya ndoa yake."

Gauni la mikono mirefu… Jua limeniunguza, mama… Nina jambo…

Nikarudi mbele za watu. Nikaivua khanga kichwani nikaiacha ianguke chini. Nikatembea moja kwa moja mpaka pale alipochutama Masanja, nikasimama mbele yake, karibu kuliko nilivyowahi kumsogelea tangu awe mkwe wangu. Nikamwambia, "Nitazame!" Wazee wa ukoo wakapiga kelele, mmoja akanishika mkono, "We mama, huyo ni mkweo, unafanya nini?" Nikamsukuma. "Nitazame usoni, Masanja! Nionyeshe macho yako!"

Hakunyanyua kichwa. Siku zote nilidhani ile ni heshima.

Kaka yangu alikwenda polisi, mazishi yakasimama, daktari akaitwa kuutazama mwili. Masanja alichukuliwa pale pale msibani. Jambo liko mahakamani na sitalisemea zaidi, ila niwaambie kwamba hata likiisha vipi, Milembe wangu harudi. Kuna siku naamka natamani nisingeamka. Kuna siku natwanga, mchi unabaki juu, sijui nilikuwa nafanya nini. Majirani wanasema nimshukuru Mungu kwa sababu niliagana naye vizuri kule Zanzibar. Niliagana naye vizuri? Mimi?

Kuna picha moja alinipigia mhudumu ile jioni ya mwisho. Sisi wote tumo. Masanja yuko mezani kwake anatabasamu. Mimi niko mezani kwangu, nimewapa mgongo, naitazama bahari. Milembe haitazami kamera wala mumewe wala bahari. Ananitazama mimi mgongoni, na mdomo ameufungua kidogo. Nimekaa na picha hiyo mpaka nimejaribu kusoma midomo yake. Naona anasema mama. Pengine ni mimi tu nataka iwe hivyo.

Kina mama wenzangu, hasa nyie wa ukoo wenye mila kama zangu, nawaomba nikiwa nimepiga magoti. Siwaambii mtupe mila. Mila zilinilea, na wapo wakwe wema wanaozishika kwa moyo safi. Lakini heshima inayokuzuia kumtazama mwanao usoni, hiyo ni heshima ya nani? Binti akikuita kutoka mbali, jiulize anakuitia nini. Akivaa mikono mirefu kwenye joto, mfunulie mkono. Akija kwenye meza yako na sahani yake, usimrudishe! Watu wanaosema hukumfunza hawatakuwepo siku ya kumwosha.

Nimebaki na binti mmoja, Holo, ameolewa Sitalike na kijana anayeonekana mzuri. Anayeonekana, nimesema. Wakija Kakese siwatengi. Natandika mkeka mmoja, naweka sinia moja la ugali, nakaa katikati yao, nakula huku namtazama mkwe wangu machoni mpaka kijana wa watu anaona aibu. Wazee wameshaniita kwenye kikao wakasema nimeharibika, bahari ilinichukua akili.

Waseme tu. Mimi namwangalia mwanangu anakula.