Aliyeoneshwa Nafasi Kwenye Sinia

Ugali ulikuwa umemegwa upande ambao hakuna aliyekaa. Kauthar akadhani ni paka, akala zake.

Mchana wa jana yake alikuwa jikoni na bintiye Jasmin, mtoto wa meno mawili, akijifunza Kihispania kwenye simu. Masista kutoka Hispania walikuwa wanatafuta mkalimani wa zahanati kule kijijini Kate, naye alikuwa amechoshwa na kuuza vitenge dukani kwa mumewe, Sumbawanga mjini. Sentensi yenyewe nyepesi kabisa. "Yo como en casa," mimi ninakula nyumbani, akajigusa kifua. "Tú comes en casa," wewe unakula nyumbani, akanyoosha kidole kwenye mkeka mtupu, ng'ambo ya sinia. Kitenzi kinageuka mwishoni kumfuata mlaji, basi, hakuna cha ajabu. Balaa lilikuwa kwenye kile kidole. Kwa watu wa nyumba ile, ukishamwonesha mtu nafasi kwenye sinia, humfukuzi tena.

Tangu hapo jiko likanuka ulezi ulioungua. Jasmin akakataa ziwa, akakataa uji, akakonda mpaka bangili ikamvuka mkononi; na kila mchana, Kauthar akishanawa tu, alisikia magego yakisaga taratibu ng'ambo ya sinia, ugali ukipungua mbele ya macho yake, na mtoto akigeuza shingo kufuata kitu kilichopita nyuma ya mama yake, akilia bila sauti.

"Mama, nimemkaribisha nani?" alimnong'oneza mkwewe, Bi Mwantum.

"Usimtaje. Anasikia."

Shehe Sadick akaitwa, akasoma, akafukiza ubani. "Toka," akasema. "Hukualikwa hapa."

"Nimealikwa," kikajibu kutoka mkekani, kwa sauti ya Kauthar mwenyewe. "Tú comes en casa."

Kauthar aliogopa kufa, ila alimwogopea zaidi mwanawe. Akaukunja mkeka kwa mikono yake, akalitupa sinia uani. "Nafasi yako nimeiondoa," akasema.

Harufu ikakatika. Jasmin akanyoosha mikono, akataka ugali, na wote wakalia kwa furaha. Akamaliza bakuli, akamaliza la pili, akaingiza mkono kwenye sufuria, Bi Mwantum akicheka na kumshukuru Mungu, shehe akivaa viatu vyake mlangoni, na Kauthar, aliyempakata, akasikia, ndani ya kinywa kile kidogo cha meno mawili, magego yakisaga.