Nyumba Yenye Maziwa

Ndugu zangu, sogeeni niwaambie ya jirani yangu. Kila alfajiri nilimsikia akikamua huku anaimba, na mkewe akimcheka kutoka jikoni. Ng'ombe wawili, banda safi, binti mmoja wa miaka minne. Ungesema raha imehamia pale. Tulimwita Bwana Lita, maana hata bei ya kiatu aliitaja kwa lita za maziwa.

Kosa lake lilitokana na mapenzi. Alitaka binti yake asome mpaka achoke mwenyewe, kwa hiyo maziwa yote yaliingia kwenye dumu na kuondoka na mnunuzi aliyepita kwa baiskeli. Mkewe alipojaribu kubakiza kidogo, mume alimshika mkono.

"Mke wangu, hiyo ni ada ya mtoto unamimina."

"Na mtoto mwenyewe anywe nini?"

"Chai ya rangi haijaua mtu."

Si tunajuana? Tukiwa na kitu cha kuuza, tunaona kukila ni hasara.

Mvua zilipoanza, binti akawa anasinzia mchana kutwa. Nywele zikafifia, miguu ikavimba. Asubuhi moja akashindwa kusimama. Baba akambeba mgongoni hadi zahanati, mimi na mkewe tukawasindikiza.

Muuguzi aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole, shimo likabaki.

"Huyu hapati chakula cha kujenga mwili," alisema. "Anahitaji mayai, maharage, maziwa. Huko kwenu maziwa yanapatikana?"

Bwana Lita akaanza kumfunika mtoto miguu. Mkewe ndiye aliyejibu, polepole, "Yanapatikana." Hakumtazama mumewe, kwa kumwonea huruma. Hata mimi nilimhurumia.

Mungu ni mwema, mtoto alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani akitembea. Kesho yake mnunuzi akaja, akainua dumu, akaguna.

"Mzee, ng'ombe wamegoma? Halijajaa hili."

"Wamekamuliwa vizuri tu. Kuna mteja kakuwahi."

"Nani huyo? Anatoa bei gani?"

Bwana Lita akaelekeza kidevu mlangoni. Binti alikuwa ameketi, kikombe kakishika kwa mikono miwili, mdomo umemjaa povu.

"Huyo hanilipi kitu," akasema.

FUNZO

Uzeni, wazazi wenzangu, na akiba muweke. Lakini kabla hamjampimia mnunuzi, wapimieni wa nyumbani. Ada haiendi shule. Anayekwenda ni mtoto.