Kadi Iliyofutwa

Mpiga picha na mkewe waliishi kwa kipato cha studio yao ndogo. Mume alipiga picha. Mke alizitoa kwenye kadi ya kamera na kuzitia kwenye kompyuta. Aliandika neno moja tu, "nakili". Hiyo ni amri, yaani neno linaloipa kompyuta kazi. Picha ziliingia, na kwenye kadi zilibaki.

Lakini mume alipenda njia za mkato. Alichoka kusafisha kadi, yaani kufuta picha zilizobaki, akaibadili amri ile ile: ikishanakili, ifute kadi bila kuuliza. Hakumwambia mkewe.

Asubuhi moja mke aliandika "nakili" kama kawaida. Kompyuta ilikuwa imejaa, picha hazikuingia. Kadi ikafutwa vilevile. Mume akaichukua, akaenda kupiga picha nyingine.

Mchana akaja jirani yao, mshonaji. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwanangu katutoka jana," alisema. "Nipe zile picha mlizompiga juzi. Sina nyingine. Msumari wa kutundikia nimeshaugongomea ukutani."

Mke alitafuta kila mahali. Hakuziona, akaangua kilio.

Waliitwa watu, akaja mdogo wake mume, fundi wa kompyuta.

"Shemeji, ziokoe," mke alimsihi.

"Kaka kapiga picha nyingine juu ya hizo. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Niliibadili amri ifute kadi. Nilitaka kupunguza kazi," mume alinong'ona.

"Umeipunguza kweli! Picha zenyewe hazipo." Hakuna aliyecheka. "Sikia, kaka. Amri iliyokuja na kompyuta iache kama ilivyo. Ukitaka yako, ipe jina jipya. Kwanza ihakikishe picha zimefika, kisha ikuulize kabla ya kufuta. Ijaribu kwa picha zisizo na kazi. Na kila anayeitumia kompyuta aambiwe."

"Na picha ziwe na nakala mahali pengine," mke aliongeza.

"Hapo umenena, shemeji."

Waliirudisha "nakili" ya zamani. Amri mpya wakaiita "safisha-kadi", wakaijaribu pamoja.

Baadaye kompyuta ilijaa tena. Safari hii iliandika: "Picha hazijafika. Kadi haitafutwa." Picha za harusi ya watu zikapona. Mke alishusha pumzi.

Jioni alipeleka nguo kwa mshonaji. Walisalimiana vizuri. Ukutani, juu ya cherehani, msumari ulikuwa bado mtupu.